Umeumizwa kanisani na hujui uanzie wapi: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Hii naiandika kwa ajili ya mtu aliyetoka kanisani akiwa ameumia, au bado yumo ndani ila moyo ulishatoka zamani. Mimi ni mwanamke wa hapa Tanga mjini, sio mchungaji, sio daktari. Nilikuwa mhudumu kwenye huduma moja ambayo sitaitaja, na toka nilivyotoka watu wananitafuta, wengine kwa meseji usiku wa manane, wengine wananisimamisha sokoni Ngamiani, na maswali yanafanana mno, nikaona niyaweke sehemu moja. Sio yote yatakuhusu, ruka usilolihitaji.

Kuna jambo moja nitalirudia sana humu kwahiyo niliseme mapema. Kule ulikotoka kuna mtu alikuwa anakuamulia maisha halafu anasema ni Mungu kasema. Msaada wa kweli ni ule unaokurudishia maamuzi yako. Mtu akija kukusaidia halafu na yeye akaanza kukuamulia, hata kama nia yake nzuri, kaa nae mbali kidogo.

Nitajuaje kama nilinyanyaswa kweli au ni mimi tu sipendi kukemewa?

Kukemewa kupo. Mchungaji akikuita pembeni akakwambia pombe yako inaumiza watoto, hapo anafanya kazi yake, unaweza ukakasirika na bado yeye akawa sahihi. Wewe angalia nini kinatokea ukisema hapana. Ukisema mwezi huu sina, ada ya mtoto imekula kila kitu, wanakuelewa au unatangaziwa ukame madhabahuni? Ukiuliza hela ya ujenzi imefikia wapi unaoneshwa hesabu au unaambiwa una roho ya uasi? Ukitaka kwenda msibani kwenu Lushoto unatoa taarifa au unaomba ruhusa? Ile siri uliyoitoa kwenye chumba cha maombezi, Jumapili ukaisikia kwenye mahubiri, jina halijatajwa lakini nusu ya kanisa imegeuka kukuangalia?

Kuna daftari nalikumbuka, kaunta buku kubwa, majina ya washirika kushoto, fungu la kumi la kila mwezi kulia, na lilikuwa linasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, ukiwa na sifuri unasimama. Bibi mmoja muuza mihogo alikuwa anasimama karibu kila mwezi, amekunja pembe ya kanga ameing'ata, anaangalia chini mpaka lisomwe jina linalofuata. Hakuna andiko lolote linalotaka yule bibi asimame pale.

Na sio makanisa ya vipaza sauti tu jamani. Nimesikiliza watu wa makanisa ya zamani kabisa, yenye kengele na kanzu, na maumivu ni yaleyale.

Ndugu zangu wanasema nakuza mambo, kanisa haliwezi kumdhuru mtu.

Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana ili wapite juu ya mafuta ya upako. Mwaka 2023 hapo kwa majirani zetu Kenya, kaunti ya Kilifi, pwani hiihii ukipanda nayo juu, kwenye msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe wakamuone Yesu, na watoto walikuwemo. Hayo hayakuanza siku ya kufa mtu, yalianza watu walipozoea kutouliza. Kwahiyo mtu anaeuliza mapema hajakuza kitu.

Niliambiwa nikitoka nitalaaniwa, na kweli nimetoka tu mtoto akaugua. Naogopa.

Pole sana, hii ndiyo hofu inayowarudisha watu wengi. Kwanza mtoto apelekwe akapimwe, leo, usisubiri mpaka umalize kuomba. Watoto wa Tanga wanaugua malaria mvua zikinyesha, walio ndani ya huduma na walio nje, na kule ndani tulikuwa tunaugua vizuri tu ila tulikuwa tunaita ni jaribu, ukishatoka ugonjwa uleule unaitwa laana. Mtu akishakutabiria mabaya unaanza kuyahesabu mabaya peke yake, bajaji ikikukosakosa unakumbuka unabii, ila siku zote ulizofika salama huzihesabu.

Kama Biblia bado inakusaidia, Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Hakuna sehemu iliyoandikwa kwamba ukombozi huo una kikomo cha uanachama.

Ya chupa za mafuta, stika za mlangoni na vitambaa, naulizwa sana kama vitupwe. Vitupe siku ukiwa tayari. Kuna dada aliviweka juu ya kabati muda mrefu tu kwa sababu kuvitupa kulimtia woga zaidi, na hilo halina shida kabisa, asije mtu akakuharakisha.

Na lile la "msiwaguse masihi wangu"? Si ntakuwa namsema mpakwa mafuta?

Hilo ni Zaburi 105:15, na naomba usilisome peke yake, anzia juu kwenye mstari wa 8. Linaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wachache, wageni, wanatangatanga nchi za watu, na Mungu anawakataza wafalme wasiwaonee. Yaani ni andiko la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, halafu watu wamelichukua wanamlindia mwenye nguvu dhidi ya mnyonge! Inaniuma hiyo.

Nathani alimwendea mfalme Daudi akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso Antiokia, yupo Wagalatia 2:11. Ezekieli 34 inaanza na Mungu akiwashtaki wachungaji wanaojilisha wenyewe wakaacha kondoo. Kusema kilichokutokea sio dhambi.

Sawa, nimwambie nani kwanza?

Mtu mmoja. Sio familia nzima, sio grupu la WhatsApp, mmoja tu.

Anaefaa ni mtu ambaye hana cha kupata wala kupoteza kwenye hiyo huduma, hatumi fungu la kumi kule, mkewe sio kiongozi wa maombi kule, na hana mpango wa kukuvuta kwake. Awe mtu anaetunza siri, utamjua kwa namna anavyoongea habari za wenzake mbele yako, akikuletea siri za watu basi na zako zitasafiri. Na Tanga hii ni ndogo, ukiongea Makorora asubuhi jioni imefika Chumbageni.

Usimwage kila kitu siku ya kwanza. Mpe kipande kidogo, mwambie kwa mfano kuna mambo kanisani yameniumiza sijui nifanyeje, halafu nyamaza uangalie. Akikuuliza "ilikuwaje?" endelea. Akikimbilia "ila na wewe..." au akaanza kukuombea kabla hajakusikia, mshukuru, ongeeni habari nyingine, ukamtafute mtu mwingine. Hujakosea, umepima tu.

Na sio lazima awe Mkristo. Hapa kwetu majirani wengi ni Waislamu na nataka niliseme hili kwa sababu kule tulikuwa tunafundishwa kuwaogopa. Wa kwanza kunisikiliza mimi alikuwa mama jirani, Muislamu, mtu mzima, hakujua hata malimbuko ni kitu gani. Aliniwekea chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "pole mwanangu, leo ulale hapahapa". Hakuniambia nihame dini wala nirudi, na kwa kweli sikuhitaji zaidi ya hapo siku ile.

Kama simu yako inashikwashikwa na mwenza au kiongozi, msiongelee kwenye meseji. Kutaneni. Raskazone kule ufukweni asubuhi watu wanatembea na kuogelea, wanawake wawili wakitembea wanaongea hakuna anaeshangaa.

Nikimwambia akanijibu "samehe tu usahau"?

Kusamehe ni kwako na kwa wakati wako, na ukisamehe bado unaweza kwenda polisi, bado unaweza kudai kiwanja chako, bado unaweza kukataa kumpa mtu mkono. Mtu anaekuharakisha usamehe mara nyingi yeye ndiye aliyechoka kusikia. Unaweza ukamjibu hivi tu, "nimekusikia, ila leo nilitaka unisikilize". Basi.

Nahitaji daktari au maombi?

Hukatazwi maombi. Ila kama hulali, moyo unakwenda mbio ukisikia kinanda cha kusifu kimepigwa kwenye spika ya duka, ukiona gari ya mchungaji unajificha, chakula hakipandi, unaona hufai kabisa, hiyo ni hali inayotibika na kuna watu wamesomea. Mwili ulikaa kwenye hofu miaka mingi, hauwezi kutulia kwa sababu tu umebadilisha mahali pa Jumapili.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, waeleze dalili za mwili kwanza kama unaona aibu, usingizi, kichwa, mapigo ya moyo, halafu mwambie daktari na chanzo. Watakupa rufaa ikibidi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, uliza huduma za afya ya akili. Kule milimani Korogwe kuna Lutindi, hospitali ya afya ya akili ya Kilutheri, ya toka enzi za Wajerumani, wanapokea watu wa dini zote. Kwenda huko haina maana umekuwa kichaa, wala haina maana imani yako imeisha.

Ukimpata mshauri nasaha muulize maswali kabla hujaanza, yeye ndiye anapaswa kujibu: nikikuambia kitu kinabaki hapa? Unamfahamu kiongozi wangu? Nikisema sitaki maombi utakubali? Akianza kukemea mapepo kwenye kikao cha kwanza, chukua pochi yako uondoke, huna haja ya kumuaga vizuri.

Na kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa, hilo halisubiri Jumatatu. Mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo, "nataka kufa, usiniache peke yangu", alale na wewe, vitu vya kujidhuru avitoe ndani, na muende hospitali, mlango wa dharura uko wazi usiku na mchana. Watu wamefika pale wakiwa hivyo na leo wapo, wanalea watoto wao.

Niliambiwa nimepona nikaacha dawa. Naona aibu kurudi.

Rudi. Tafadhali rudi wiki hii.

Kama ni ARV, dawa za VVU, nenda CTC, kliniki ya VVU, ulikokuwa unachukua au nyingine, waambie ukweli kwamba uliacha na toka lini, watapima na kukuanzishia upya, dawa ni bure na kukurudisha ni kazi yao. Usianze mwenyewe na zile zilizobaki kabatini. Kama ni za kifafa, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika, ambalo linaua, kwahiyo hapo usichelewe hata siku moja. Presha na sukari vilevile, unaweza usisikie chochote mpaka siku uanguke.

Nesi akikufokea, na wapo wanaofoka, vumilia dakika hizo au omba kuonana na mwingine. Aibu ni ya aliyesimama mbele ya watu akakuambia utupe dawa, sio yako wewe uliyeamini.

Nilitoa hela nyingi, wengine tulitoa hadi kiwanja. Inarudi?

Nitakuambia ukweli ingawa unauma. Sadaka uliyotoa kwa mkono wako kwa hiari, kuirudisha ni ngumu. Ila sio kila kilichotoka ni sadaka. Kama ulikopesha, kama uliahidiwa kitu maalum kwa uongo, kama ulisaini karatasi hukuielewa, kama hati yako wameishikilia, hayo yana njia zake, na kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai.

Na wanawake sikilizeni hapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenza kuridhia. Kama mumeo yuko mbioni kuuza nyumba mnayoishi ili apande mbegu, yaani atoe sadaka kwa ahadi kwamba itamrudia mara nyingi, usisubiri mpaka mnunuzi aje na futi kamba, nenda kapate ushauri haraka kuna zuio linaweza kuwekwa.

Kusanya ushahidi kwanza kabla hujamwambia mtu yeyote kule: meseji za miamala ya simu, risiti, bahasha, sauti zilizotumwa kwenye grupu, majina ya waliokuwepo. Ukitolewa kwenye grupu na hujahifadhi, imekwenda hiyo. Halafu mtafute msaidizi wa kisheria, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako watakuelekeza alipo. Usichukue mkopo mwingine kuziba ule wa mbegu, kaa na wenzako wa kikoba useme ukweli, upangiwe upya.

Kiongozi alinishika / alinilazimisha / alisema ni maono. Nani ataniamini?

Mimi nakuamini. Na sheria imeshafikiria jambo hili: Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130 kinamtaja kabisa kiongozi wa dini anaetumia nafasi yake kumbaka msichana au mwanamke. Huna haja ya kubishana kama ulimpenda, kama ulienda mwenyewe kwenye maombi ya usiku, kama ulinyamaza.

Kama imetokea sasa hivi, usioge, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi au kanga sio nailoni, na nenda hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia VVU, na kadri unavyowahi ndivyo bora. Polisi watakupa fomu namba 3, ile PF3, ila ukiwa hali mbaya anza hospitali. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, unaongea faragha, omba askari wa kike kama unataka. Nenda na mtu. Ikitokea umepokelewa vibaya, afisa ustawi wa jamii anaweza kwenda na wewe mara ya pili.

Kama ilitokea zamani, bado unaweza kuripoti, na bado unaweza kuamua usiripoti sasa. Hilo ni lako. Isipokuwa kama ni mtoto. Mtoto halisubiriwi jambo lake wala halimalizwi kikao cha wazee, piga 116, ni bure, ni ya kusaidia watoto.

Je nishtaki kwenye kanisa lenyewe?

Inategemea lina nani juu. Makanisa yenye ngazi, unaweza kupanda: usharika, jimbo, dayosisi kwa Walutheri, mtaa, parokia na dayosisi kwa Waanglikana, na kwa Wakatoliki Papa Francis mwaka 2019 aliagiza kila jimbo liwe na utaratibu wa kupokea taarifa za unyanyasaji, kwahiyo una haki ya kuuliza utaratibu huo uko wapi. Andika barua, weka tarehe, baki na nakala, kabidhi ukiwa na shahidi. Huduma ya mtu mmoja ambayo yeye ndiye mwanzilishi, mweka hazina na bodi, hapo kwenda kumshtaki kwake ni kujirudisha mezani kwa aliyekuumiza, bora njia za nje. Huduma hizo husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na malalamiko yanaweza kupelekwa huko.

Lakini jinai ni polisi. Kikao cha wazee wa kanisa hakichunguzi ubakaji.

Nianike TikTok?

Naelewa hasira. Ila kabla hujabonyeza, ongea na msaidizi wa kisheria, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wao wakiwahi kukushtaki wewe utageuka mtuhumiwa wakati wewe ndiye uliyeumizwa. Pia ukishaanika, wageni watakuja kukutukana usiku mzima na hutakuwa na pa kuizima. Wengine wameanika na imesaidia, sikatai, ila walikuwa na watu nyuma yao na ushahidi umetunzwa sehemu mbili.

Nabii alisema mama yangu mzazi ndiye aliyenifunga kwa uchawi. Tumekosana miaka. Nafanyaje?

Hili linaniumiza kuliko yote kwa sababu nimeona wamama wazee kule Muheza na Pangani wamekaa peke yao, mtoto yupo mjini hatumi hata salamu kisa unabii wa dakika mbili. Ujue kwamba kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa kwa sheria yetu ya uchawi, na aliyekutajia mama yako hakukuletea ushahidi wowote, alikuletea adui tu, na ukishakuwa na adui nyumbani unabaki unamtegemea yeye.

Usianze na maelezo marefu. Piga simu, "shikamoo mama, nilikuwa nataka kukujulia hali". Kama ni ngumu mtumie mtu kwanza, mjomba au shangazi, aandae njia. Anaweza akalia, anaweza akakata simu, anaweza akasema "marahaba mwanangu, umekula?" kama hakuna kilichotokea. Lolote likitokea piga tena baada ya siku chache.

Mume wangu bado yupo kule, anasema nimemuasi Mungu.

Usimhubirie. Ukimshambulia kiongozi wake atamtetea, na utakuwa umemthibitishia kwamba wewe ndiye tatizo kama alivyoambiwa. Shikilia mambo machache ya nyumbani ambayo hayana mjadala: ada, chakula, dawa, nyumba haiuzwi. Mengine mwache aone mwenyewe, na awe anajua mlango wa kuongea na wewe uko wazi. Kipigo kikiingia, au ukifungiwa ndani ili ukombolewe, hapo sio mambo ya imani tena ni Dawati la Jinsia.

Watoto wangu wanaota moto wa jehanamu.

Waambie wazi, mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, kwamba Mungu hajawakasirikia na wewe hujawakasirikia. Wasilazimishwe kwenda Sunday school popote kwa sasa. Akikojoa kitandani usimfokee. Muulize kama kuna mtu aliwahi kumshika au kumfungia, na ukiuliza usioneshe umeshtuka.

Marafiki wote wako kule. Simu imekuwa kimya kabisa.

Ndiyo, na huo ukimya unauma kuliko hata mahubiri ya kukusema. Ulikuwa na watu wa kukuletea uji ukijifungua, leo wanavuka barabara wasikutane na wewe. Wengi wao hawakuchukii, wamekatazwa, wanaogopa. Usiwatukane, siku moja mmoja wao atakutafuta usiku na utakuwa wewe ndiye mtu wake wa kwanza.

Jumapili asubuhi ndiyo mbaya zaidi kwa hiyo ipangie kitu kabla haijafika. Nenda kamtembelee shangazi, fua, lala, kajiunge na kwaya ya mtaani au timu ya netiboli, darasa la cherehani, kikoba ambacho hakifunguliwi kwa unabii. Vitu vidogo ambavyo una sababu ya kufika na mtu atauliza mbona hukuja wiki jana.

Siwezi kuomba wala kufungua Biblia. Nimeasi?

Hapana. Eliya alipochoka akatamani kufa, 1 Wafalme 19, hakuhubiriwa. Alilala, malaika akamwamsha akamwonesha mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa tena akala. Maswali yalikuja baadae sana. Na Zaburi 88 inaisha gizani bila shukrani na bado imo kwenye Biblia. Kama kusoma kunakutetemesha, funga, iweke, kula na ulale.

Lazima nitafute kanisa lingine?

Sio sasa. Watakusomea Waebrania 10:25 kwamba tusiache kukusanyika, lakini Yesu alisema wawili au watatu, na wewe na jirani yako mkinywa chai ni wawili tayari.

Ukifika wakati unataka, kaa kiti cha nyuma karibu na mlango, usiandike namba yako kwenye karatasi ya wageni, usijiunge na idara yoyote, usitoe ushuhuda. Uliza hesabu zinasomwa lini na nani anazikagua. Uliza mchungaji akikosea anaambiwa na nani. Halafu usiende wiki mbili uone watakavyokupokea ukirudi. Wakikusalimia tu "karibu, tulikukosa", hiyo ni ishara nzuri. Wengine hawarudi kabisa maishani na sitamwambia mtu kama huyo kwamba amepotea, sina mamlaka hayo.

Itachukua muda gani?

Siwezi kukupa tarehe, na anaekupa tarehe usimuamini. Utakaa vizuri muda mrefu halafu wimbo mmoja tu kwenye daladala ukuangushe. Kuanguka huko hakufuti hatua ulizopiga.

Sisi tuko kama watano tumetoka sehemu moja, tunaweza kuanzisha kikundi?

Mnaweza, na inasaidia sana, ila jihadharini msije mkajenga kilekile mlichokikimbia. Msiwe na kiongozi wa kudumu, mpokezane kila mkikutana. Michango isizidi ya chai na vitafunwa, na aliyekosa asiulizwe. Simu ziwekwe mbali, hakuna kurekodi. Hakuna kumuombea mtu wala kumshika kichwa bila kumuuliza, na akisema hapana imeisha. Mtu anaruhusiwa kukaa kimya kikao kizima. Wengine bado wanaamini sana na wengine hawaamini tena, msishindane hapo. Siku moja moja mualikeni afisa ustawi au msaidizi wa kisheria aje awaeleze mambo yake. Na mwenzenu akiacha kuja mpigieni, mumjulie hali, mumuulize watoto, msimuulize kwanini hakuja.